Yaya Aliyesema kwa Maneno ya Redio

Dada yangu mkubwa alianza kusema akiwa na miaka sita, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala papa. Alisema, "Wasikilizaji wapendwa, ni saa sita kamili." Mama alikuwa nyuma ya nyumba anasonga bugali. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria akaja mbio, na mchana ule wote alimfuata dada yangu akimbembeleza aseme tena. Hakusema tena mpaka kesho yake, jua lilipofika utosini.

Mimi nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo hayo nimesimuliwa. Ninayoyakumbuka mwenyewe yanaanza baadaye kidogo, katika nyumba yetu ya mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, karibu na ziwa kiasi kwamba tukitumwa maji, chai ilikuwa bado ya moto tuliporudi. Tulikuwa watoto wawili tu. Kwetu ndugu mkubwa anaitwa yaya, na sikuwahi kumwita vinginevyo. Alikuwa na shingo ndefu ya watu wa upande wa papa, na alitembea kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka majivu ya moto. Hakupenda kushikwa. Hakupenda nguo mpya, wala ngurumo ya mashine ya kusaga, wala sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikigusa bugali kwenye sahani. Alichopenda ni redio. Aliketi chini ya dirisha, sikio limebanwa kwenye redio, na kila kilichosemwa humo kiliingia ndani yake kikakaa.

Akawa anaongea kwa maneno hayo hayo. Watu walidhani anapayuka, lakini mimi nilimwelewa. Ile "saa sita kamili" maana yake ana njaa, hata kama ni asubuhi. "Tunaomba radhi kwa hitilafu hii" alisema kichwa kikimuuma au mshono wa nguo ukimkwaruza. "Mchezaji anatoka uwanjani" alisema akitaka kuondoka mahali. Na alipoogopa sana alisimama wima, macho mbele, akatoa sauti nzito ya yule mwanamume aliyesoma matangazo ya vifo kila siku: "Familia inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki..."

Hakuna aliyenifundisha maana hizo. Mama aliniuliza tu, "Anasema nini?" nami nikajibu kama wale wanaotafsiri mahubiri kanisani. Siku moja mama aliniangalia kwa muda, mikono yake ikiwa imelowa mafuta ya mawese aliyokuwa akiuza sokoni, akasema, "Weye njo unamusikiaga. Minye nilimuzaa, lakini weye njo unamusikia." Nilijivuna kwa maneno hayo mwaka mzima. Sikujua kwamba alikuwa ananipa kazi.

Nilikuwa na rafiki mmoja, binti wa jirani, wa umri wangu. Ua wao na wetu ulitenganishwa na matete tu, na tulikuwa tumefungua tundu la kupitia. Mchana mmoja mbwa wao alikata kamba akaingia kwetu akibweka. Yaya alikimbia, akapita tundu letu, akaenda kusimama mlangoni mwa nyumba yao, wima kabisa, akaanza: "Familia inasikitika kuwatangazia..." Alilisema tangazo lote, mpaka mahali pa mazishi. Baba wa rafiki yangu alikuwa amelala ndani. Alikuwa mgonjwa wa kifua, anakohoa tangu mwaka uliopita, na mtaa mzima ulijua. Siku ya nne alikufa.

Mama alibeba unga wa mihogo akaenda kwenye kilio, kama mtu yeyote. Nilimfuata. Wanawake waliokaa kwenye mikeka walinyamaza tulipoingia. Mmoja wao, mwanamke mnene aliyekuwa akimkopesha mama masufuria kila sikukuu, alisema bila kuinuka, "Mama, rudi na unga wako. Mutoto wako alishatangaza. Inatosha."

Mama aligeuka na beseni lake kichwani. Tulirudi nyumbani na unga wetu.

Baada ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kwetu kuomba chumvi wala moto. Watoto wakipita mbele ya ua walikimbia. Rafiki yangu alikuja mara moja tu, akasimama upande wake wa matete.

"Mama anasema nisikuje tena kwenu."

"Na minye nikuje kwenu?"

Alifikiri. "Sijue. Labda ukuje peke yako."

Lakini sikuwa peke yangu hata siku moja. Papa alikuwa anafundisha shule ya msingi, mama yuko sokoni, na yaya alikuwa wangu. Wiki iliyofuata tundu lilizibwa kwa matete mapya.

Papa alitoa betri kwenye redio. Haikusaidia kitu. Yaya aliendelea kukaa chini ya dirisha na redio iliyokufa sikioni, na matangazo yalikuwa yameshaingia ndani yake, betri zake haziishi. Wakaja wanamaombi wa kanisa alilokuwa akisali papa. Walifunga siku tatu sebuleni kwetu, na siku ya tatu walimwekea mikono kichwani, watu sita, yeye ambaye hakuvumilia hata kidole. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wao walifurahi, walisema pepo anatoka. Mimi nilikuwa nimeambiwa nimshike miguu. Nilimshika, na nililia, na nilijua anachosema, kwa sababu katikati ya kelele zile alikuwa anarudia, "Mchezaji anatoka uwanjani, mchezaji anatoka uwanjani." Nilimtafsiria papa. Papa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliwaambia wale watu, "Inatosha. Asanteni." Hawakurudi tena, na sisi hatukurudi kwenye kanisa lile.

Nilipoingia sekondari niliamini nitaanza upya. Shule ilikuwa mbali na mtaa wetu na hakuna aliyenijua. Kwa wiki mbili nilikuwa msichana kama wengine. Halafu, Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, nilimwona yaya kwenye geti. Sijui alifikaje. Alikuwa amevaa gauni lake kinyume, anatembea kwa vidole, anaenda hatua tano, anarudi hatua tano. Wasichana walianza kucheka. Aliyekuwa amekaa karibu nami, ambaye tulikuwa tumeanza kugawana karanga, aliuliza, "Ule ni nani?"

"Sijue," nilisema.

Yaya alikuwa ameniona. Si kwamba aliniangalia machoni, hakuwahi kufanya hivyo, lakini alisimama upande nilipo na akasema, "Wasikilizaji wapendwa, ni saa sita kamili." Alikuwa na njaa. Mama hakuacha chakula, au yeye hakukiona. Kengele ililia, tukaingia darasani, na mimi nikaingia pamoja na wenzangu. Nilikaa nimeligeuzia geti mgongo mpaka masomo yakaisha. Nilipotoka alikuwa bado yuko pale, midomo imekauka. Tulirudi nyumbani yeye mbele na mimi nyuma, nikimwacha atangulie hatua nyingi ili asijulikane ni wa nani.

Nimemwuguza mtu akafa mikononi mwangu, na nimewahi kumwambia mama uongo mkubwa. Lakini nikiulizwa ni kosa gani linaloniamsha usiku, ni lile "sijue".

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari ziwa lilipopanda. Halikuja kwa siku moja. Kwanza vyoo vilijaa, halafu barabara ya chini ikawa dimbwi, halafu asubuhi moja tuliamka viatu vyetu vinaelea. Watu walipanga mifuko ya mchanga. Ziwa lilipita chini yake. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka kama sukari, na Kilibula yetu ikaanza kuhama, familia baada ya familia, magodoro juu ya vichwa.

Papa alipata vyumba viwili juu, karibu na miguu ya milima. Tulipokuja kumchukua yaya alikuwa amekaa mahali pake chini ya dirisha, maji kiunoni, redio mapajani. Papa na wanaume wawili walimbeba. Njia yote kupanda alitangaza kifo, kwa sauti kubwa, na watu waliokuwa wanahama kama sisi waliweka mizigo chini wakatuangalia tunavyopita.

Kesho yake hakuwepo. Tulimkuta kwenye nyumba ya zamani, amekaa kwenye kizingiti cha dirisha.

Siku ya pili vilevile. Mama alijaribu kumfungia. Yaya aligonga mlango kwa kichwa mpaka damu ikatoka, na papa akang'oa kufuli. Tangu hapo ilieleweka bila mtu kuniambia. Yeye alishuka asubuhi. Mimi nilitoka shule, nikashuka moja kwa moja, nikakaa naye mpaka aseme "Mchezaji anatoka uwanjani", halafu tukapanda.

Papa alikuwa ameondoa mabati, milango na madirisha, zikabaki kuta tu na anga juu yake. Maji yalinifika chini kidogo ya goti. Samaki wadogo waliingia chumbani kwetu wakatoka. Mimi niligeuza bidon, dumu tupu la maji, juu ya rundo la matofali nikakaa hapo, daftari kwenye mapaja, nikifanya kazi za shule. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda. Hapakuwa na mtoto anayelia, hapakuwa na jogoo, hapakuwa na mtu wa kututazama vibaya. Mwanzoni nilipumzika. Kisha nilianza kuona kwamba siku nzima inaweza kupita bila mtu kuniambia jambo lolote lisilokuwa la redio. Nikawa ninasoma somo la jiografia kwa sauti, ili nisikie mtu anaongea.

"Yaya," nilimwambia mara moja, "nyumba imekufa. Hatutarudi hapa."

"Tunaomba radhi kwa hitilafu hii," alisema. Kwa mara ya kwanza sikujua kama kichwa kinamuuma au kama ananijibu.

Mwezi wa tatu wa maisha hayo, msichana mmoja wa darasani alinialika kwao. Walikuwa na kwaya, walihitaji sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Miaka mingi hakuna aliyenialika popote. Nilijiambia nitakaa kidogo tu, wimbo mmoja. Tuliimba nyimbo nne. Mama yake alitupa ndizi za kuchoma, akaniuliza kwetu ni wapi na tuko wangapi, na nilijibu kwa adabu, na jua likasogea. Nilipoanza kushuka kwenda ziwani ilikuwa karibu saa kumi na moja.

Kwenye mwanzo wa maji nilimkuta mama mmoja aliyekuwa anakusanya mbao za nyumba zilizoanguka. Alinishika mkono.

"Usiende! Kiboko iko mu parseli ile."

"Parseli gani?"

Alinyoosha kidole kwenye kiwanja chetu.

Nilisikia kabla ya kuona. Sauti ya yaya, nzito, bila kutetemeka: "...kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki..." Alikuwa amesimama wima juu ya kizingiti cha dirisha la mbele. Chini yake, hatua kama kumi, kwenye maji marefu yaliyofunika ua wetu, mgongo mweusi ulikuwa unasogea polepole, na kichwa kilizama na kuinuka kikitafuna majani. Watu wa ziwa wanajua kiboko. Si kelele zinazoua, ni kusimama kati yake na njia yake ya kurudi ziwani.

Nilizunguka nyuma. Ukuta wa huko ulikuwa umeanguka nusu. Nilipanda juu ya vifusi, nikaona mgongo wa yaya, na mbele yake mnyama. Nikimwita jina lake hataitika, hajawahi. Nikiingia maji yatalia. Mpaka leo sijui wazo lilitoka wapi. Nilikaza koo, nikatoa sauti ya yule mtangazaji wa mchana, taratibu, kama anavyosema yeye:

"Wasikilizaji wapendwa, ni saa sita kamili."

Alikatisha tangazo katikati. Hakuwa amewahi kukatisha tangazo. Aligeuza kichwa, si kuniangalia, kusikiliza.

"Wasikilizaji wapendwa. Ni saa sita kamili."

Akashuka ndani ya maji, kwa ncha za vidole, akavuka sebule, akavuka chumba chetu, akaja mpaka kwenye vifusi. Hapo nilifanya alichokichukia kuliko vyote: nilimkamata kwa mikono miwili nikamvuta. Aliniuma hapa, juu ya kifundo cha mkono, na sikumwachia. Nyuma yetu kiboko alipumua kama gurudumu linalopasuka. Tulikimbia ndani ya maji, halafu ndani ya tope, mpaka kwenye nchi kavu.

Yule mama wa mbao alikuwa bado amesimama. Nilitaka aseme kitu. Pole, au asante Mungu, chochote. Alimwangalia yaya kwa muda, nikaona anamtambua.

"Kumbe ni ule mwenye anatangazaga vifo ya batu," alisema. Akabeba mbao zake akaondoka haraka.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Yaya alisimama pembeni yangu, anakamua pindo la gauni lake lililolowa. "Ni saa sita kamili," alisema. Nilikuwa nimemwambia kuna chakula, na chakula hakikuwepo. Nilimwomba msamaha.

Nyumbani niliwaambia wazazi wangu ukweli, hata habari ya kwaya. Papa hakunigombeza. Jumamosi, baada ya chai, alisema, "Atapanda Bijombo, kule milimani, kwa mama yangu."

"Mbali vile?" mama alisema. "Nani atamusikia kule?"

Papa alinitazama mimi. "Huyu naye ni mutoto. Hatuwezi kumufanya mulinzi."

Ningependa kuandika kwamba nilimsihi asimpeleke. Nilifurahi. Nilisaidia kufunga mzigo wake, nguo tatu za zamani na ile redio, na walipoanza kupanda njia ya mlima, papa mbele na yeye nyuma kwa vidole vyake, nilipunga mkono. Hakugeuka.

Nilikuwa huru. Baada ya masomo nilikwenda kwaya. Kuimba niliweza. Kilichonishinda ni yale mazungumzo baada ya nyimbo, wasichana wakikaa ukutani wakirushiana maneno. Mmoja akisema, "Nimechoka leo," mimi nilinyamaza nikitafuta anachotaka kusema kwa kweli: je, ana njaa, anaumwa, anataka kuondoka? Nilipopata jibu walikuwa wamefika mbali. "Mbona unatuangaliaga vile?" waliniuliza, na hawakuuliza kwa ubaya. Nilikuwa nimejifunza vizuri sana lugha moja, ya watu wawili, na mmoja wao yuko Bijombo. Nilirudi nyumbani mapema zaidi kila wiki, na kabla mwaka haujaisha nikaacha kwenda. Mama alidhani ni masomo.

Katika likizo kubwa papa alinipeleka kumwona. Tulitembea siku mbili. Ukipanda huko joto la Uvira linabaki nyuma kama mzigo uliotuliwa, ziwa linakuwa bamba la bati chini kabisa, kisha halionekani tena. Kuna majani mafupi, ukungu, na baridi inayoingia masikioni. Njiani nilikuwa ninapanga nitakachomwambia. Nilikuwa nimemletea betri mpya za redio, zimefungwa kwenye kitambaa.

Tulimkuta nje, kati ya ndama. Alikuwa amejifunga shuka ya bibi, ameongezeka mwili. Alipita kutoka ndama mmoja hadi mwingine akigusa kila mmoja katikati ya paji la uso kwa kiganja. Hakumruka hata mmoja. Nilisimama njiani mwake.

"Yaya. Ni minye."

Alinizunguka kama mtu anavyozunguka jiwe, akamgusa ndama aliyekuwa nyuma yangu.

Bibi yangu hakujua Kiswahili, maneno machache tu ya sokoni, kwa hiyo tuliongea papa akitafsiri. Alisema yaya hana shida. Anaamka kabla ya ng'ombe, anajua ndama aliyekosekana kabla wachungaji hawajahesabu, anakunywa maziwa, analala. Betri alizirudisha mkononi mwangu. Redio ilikuwa imeliwa na panya zamani, na yaya hakuitafuta. Kisha aliuliza swali. Kuna wimbo ambao mjukuu wake anauimba ngurumo zikija, amesimama katikati ya zizi, kwa sauti nzito ya kiume. Ni wimbo gani?

Nilijua ni nini. Papa pia alijua, alitazama chini.

"Ni maneno ya redio tu," nilisema.

Papa alitafsiri. Bibi alitikisa kichwa akicheka. Alisema ni maneno mazuri, ng'ombe wakiyasikia wanatulia, na hata yeye mwenyewe.

Tulikaa siku tatu. Sikusema tena "ni minye". Nilimfuata kwa mbali, nikamwona anaishi siku nzima bila mkalimani na hakuna kilichomharibikia. Watu wa huko walipita, wakamsalimu, hakuitika, wakaendelea na njia yao. Nilikuwa nimeteseka miaka mingi nikidhani bila mimi atakufa. Asubuhi ya kuondoka alikuwa zizini na hakuja kutuaga. Tulipofika kwenye kona, papa aliona uso wangu.

"Usilie. Iko salama."

"Silii ju ya ile, papa."

"Unalia ju ya nini?"

Sikuweza kumwambia. Bado ingekuwa vigumu leo.

Nilisomea uuguzi Bukavu. Katika mwaka wa pili mwalimu mmoja, akifundisha magonjwa ya watoto, alitumia nusu saa kueleza otizimu. Kutembea kwa ncha za vidole. Kurudia maneno yaliyosikika mahali pengine. Kutovumilia kuguswa, kutovumilia mabadiliko. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu yangu ilisimama. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikampigia mama.

"Ile ya yaya iko na jina," nilimwambia, nikalitaja.

Mama alilirudia polepole. "Na dawa?"

"Hapana, mama. Hakuna dawa. Si pepo, si uchawi. Alizaliwa vile."

Nilisikia anatua beseni lake. "Basi," alisema, "ungelijua jina lile wakati wa kilio cha jirani."

Bibi alikufa, na usalama kule juu ukaharibika; ng'ombe waliibiwa, watu wakatawanyika. Papa alikwenda kumchukua yaya mara ya mwisho, na mwaka uliofuata papa naye akafa. Mama anaishi bondeni Ruzizi kwa ndugu zake. Miguu yake haipandi tena mlima wetu. Yaya yuko kwangu, hapa juu ya mji wa Uvira. Siwezi kwenda naye kituo cha afya ninakofanya kazi. Mgonjwa aliyelala na homa hafai kusikia tangazo lile. Ninamwacha na mwenye nyumba, mwanamke mzee asiyesikia vizuri. Wanapatana.

Kulikuwa na mwanamume aliyetaka kunioa, fundi wa umeme, mtu mpole. Alikuja Jumapili kadhaa. Yaya alichukua viatu vyake mlangoni akavigeuza visigino viangalie ukuta, na yeye alicheka, akaviacha hivyo hivyo. Nilimpenda kwa jambo hilo. Jumapili ya mwisho alipuliza chai yake akauliza, "Na yeye, tukioana, atakaa wapi?"

"Hapa," nilisema. "Na mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alimaliza chai. Alikuja mara mbili zaidi, akaongea habari za waya na mita, halafu hakuja tena. Simlaumu. Alikuwa ameuliza swali zuri na mimi nilikuwa na jibu moja.

Tangu mvua za mwaka huu yaya ananiruhusu kumsuka. Sijui kwa nini. Siku moja tu nilipokaa uani na kitana alikuja akakaa mbele yangu, mgongo kwangu. Anavumilia mistari miwili, wakati mwingine mitatu, halafu anasimama anakwenda. Kichwa chote kinatuchukua wiki. Jumapili tunashuka kanisani, kanisa jingine, tunakaa benchi la nyuma, nusu ya kichwa chake imesukwa na nusu imesimama. Watu wanageuka kutuangalia. Mimi ninafungua kitabu cha nyimbo, ninamsogezea, na ninaimba sauti ya nne peke yangu.